Fundi wa Matangi na Ndege wa Kila Mwaka

Wasikilizaji wapendwa, kama una kazi mkononi endelea nayo, ila nakuomba sikio moja. Leo tunamkumbuka fundi bomba. Amefariki Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Wengi wenu mmekunywa maji yaliyopita mikononi mwake bila kumjua. Wateja walimwita Mbayuwayu, kwa sababu ukimtafuta chini humpati. Ukimtaka, unaangalia juu ya paa.

Kazi yake ilikuwa matangi ya maji. Alipanda juu ya shule, juu ya hospitali, juu ya maghorofa. Alibadilisha boya linalofunga maji tangi likijaa, akaziba palipovuja, kisha akafungua maji na kusubiri. Ni lazima usubiri. Tangi lisipojaa hadi juu, huwezi kujua kama umeliziba kweli. Tangi kubwa huchukua saa nzima, wakati mwingine mbili.

Mafundi wengine hapo hujinyoosha wakalala. Yeye aliangalia ndege.

Siku moja, miaka ishirini na miwili iliyopita, alichukua penseli ya kuwekea mabomba alama, akaandika nyuma ya karatasi ya kazi: kunguru, njiwa, mwewe, yangeyange. Ilianza hivyo tu. Mwaka uliofuata alinunua daftari. Tangu hapo, wasikilizaji, ikawa kila mwaka na daftari lake. Tarehe mosi Januari anaanza upya, kutoka sifuri. Alihesabu aina, si idadi. Kunguru hata wawe mia mbili, ni mstari mmoja.

Mkewe anasema, "Nilimwambia, mzee, wenzako wakisubiri maji wanapumzika. Wewe unaita mahudhurio ya kunguru."

Ndani ya jalada la kila daftari aliandika masharti yaleyale. Nimeyaona mwenyewe. Sauti haihesabiwi. Wa tunduni hahesabiwi. Wa kuambiwa hahesabiwi.

Hilo la mwisho liliwakera nyumbani. Binti yake, ambaye leo ni mshonaji, anakumbuka alivyokuwa mdogo akiingia mbio: "Baba, nimeona bundi!" Naye humjibu, "Hongera, mama. Mimi bado."

Fundi huyu alitaka kitu kimoja. Alitaka aina mia moja ndani ya mwaka mmoja. Alipata themanini na nne. Alipata tisini. Alipata tisini na tatu. Halafu, mwaka wa kumi na nne, siku mbili kabla mwaka haujaisha, alikuwa juu ya paa la kiwanda. Tangi lilifurika, maji yakafanya dimbwi, na mdiria mdogo wa buluu akatua ukingoni. Alipiga simu nyumbani.

"Mia," alisema.

"Mia ya nini, mbona unahema?" mkewe akauliza.

"Ndege, mke wangu. Wametimia."

Jioni hiyo aliwakalisha ndugu sebuleni akawasomea orodha nzima, kuanzia wa kwanza. Shemeji yake alisinzia walipofika wa thelathini.

Sasa sikilizeni kilichotokea Machi iliyofuata. Kwa miaka yote hiyo, kuna ndege wawili aliowaandika mbalimbali. Mmoja ni mnana, yule wa njano anayesuka kiota. Mwingine alikuwa mdogo, rangi ya majani makavu, hana sifa yoyote. Jina lake hakulijua, akamwita Kahawia. Mnana mstari mmoja, Kahawia mstari mmoja. Siku hiyo anasubiri tangi la shule lijae. Akamwona mnana ananing'inia chini ya kiota, anapiga mabawa na kelele nyingi. Kahawia akaja. Akakikagua kiota kama mpangaji, akaingia. Akatoka, akarudi na manyoya mdomoni, akaanza kutandika ndani.

Fundi akaelewa. Hao hawakuwa aina mbili. Walikuwa mume na mke.

Alirudi nyumbani akatoa madaftari yote, akachukua rula, akamkata Kahawia katika kila mwaka. Tisini na tatu ikawa tisini na mbili. Mia ikawa tisini na tisa.

Binti yake alimwambia, "Baba, kwani nani atajua?"

"Mimi nimeshajua," alijibu.

Mkewe anacheka akisimulia. "Alinuna siku tatu. Nikamwambia, mzee, mnana kaoa, nawe umeoa, ugomvi uko wapi? Ndipo akala."

Miaka iliyofuata alijaribu tena. Tisini na sita. Tisini na moja. Mia haikurudi.

Mwaka huu alianza kwa kasi. Hadi Julai alikuwa na tisini na nane. Agosti, moyo ukamchosha, na daktari akamkataza ngazi. Septemba, akiwa amekaa kwenye benchi nje ya kliniki, hondohondo alipita juu ya lango. Tisini na tisa. Ilibaki moja.

Mkewe akasogeza kitanda hadi dirishani. Binti akaweka sinia la maji nje. Walikuja shomoro, walikuja njiwa, na wote walikuwa kwenye daftari tayari. "Hawa ni wanachama wa zamani," alisema.

Wiki mbili kabla hajafariki, mkewe alikuwa nyuma ya nyumba anaanika nguo. Akaona ndege mwenye kichwa chekundu anagonga shina. Gogota. Mwaka huu alikuwa hajaonekana. Mama akaingia ndani na kibanio cha nguo mkononi. "Mzee, inuka. Gogota yuko nyuma."

Wakamshika, mke huku, binti kule. Kutoka kitandani hadi mlango wa nyuma ni hatua kumi na moja. Walipumzika mara mbili. Walipofika, mti ulikuwa mtupu. Wakamletea kiti. Akakaa mpaka nguo zikakauka, gogota hakurudi.

"Baba, mama amemwona," binti alisema. "Mama na wewe ni kitu kimoja. Mwandike."

"Mama yako ana macho yake," alijibu. Kisha akamgeukia mkewe. "Huyo ni wako. Tafuta daftari."

"Na nguo zote hizi?" mkewe akasema.

Wasikilizaji wapendwa, mbele yangu hapa studio nina wasifu wa marehemu, ule uliosomwa mazishini. Ameuandika binti yake. Mstari wa mwisho unasema kwamba mwaka huu alifikisha aina mia moja za ndege. Asubuhi ya leo simu ikalia. Alikuwa mjane.

"Mwanangu," aliniambia, "karatasi hiyo ina kosa. Pale makaburini nilinyamaza, nisimwaibishe mtoto mbele za watu. Ila wewe usije ukasoma mia. Mia yake aliifuta mwenyewe akiwa mzima na nguvu zake. Sisi ni nani tumrudishie akiwa hawezi kukataa?"

Nikaomba kuongea na binti. "Nilitaka tu apate," alisema.

Nikamuuliza mama, na yule gogota je?

"Gogota ni wangu. Nimeshamwandika kwenye daftari langu. Sasa ninao wanne."

Kwa mama huyu, kwa binti, na kwa mafundi wenzake walioshika ngazi naye, sisi wa kipindi hiki tunawapa pole kwa moyo wote. Mungu awape nguvu. Nawe unayenisikiliza, kaa kidogo na hili: kuna hesabu ngapi maishani mwako ambazo hakuna wa kuzikagua ila wewe?

Fundi bomba. Miaka sitini na mitatu. Aina tisini na tisa, na kila moja aliiona mwenyewe.