Sahani Saba za Kasulu

Mwaka ule wa sabini na nne njaa ilikuwa ya wakulima, si ya wakubwa. Ndani ya lori la kwenda Kibondo, Esteri alimsikia balozi wa nyumba kumi zao, Bazilio, akimnong'oneza mwenye duka aliyekaa naye: "Nimelishwa sahani saba kwa mkuu wa wilaya kule Kasulu, shehe. Tambi za Kichina, mchuzi wa Kihindi, moja ikiisha inaletwa nyingine. Na kila sahani, bwana mkubwa ananiuliza: mnahamia kijiji cha ujamaa?"

"Si ungeacha kula, balozi!"

"Askari mlangoni, niache? Na kwetu Buha, ukishatia mkono sahanini humkatalii mwenyeji neno. Ya saba nikaitika. Kesho wanachoma nyumba zetu tusirudi."

Esteri akavuta mzigo wake karibu. Lori likasimama kijijini kwao. Majirani walikuwa wamejipanga barabarani, wakimwamkia balozi kwa makofi.