Jiwe Lililomshtaki Utambi

Benchi letu ni ubao mmoja juu ya matofali, mkabala na geti la machimbo ya kokoto. Muuza kahawa analiita bunge, kwa kuwa tunaongea sana na hatutekelezi kitu. Wa kudumu ni watatu. Nyundo amevunja mawe kwa mkono miaka thelathini. Toroli alisukuma kokoto mpaka mgongo ukagoma. Mimi nilikuwa karani wa machimbo, wananiita Kalamu, na leo jina hilo linanichoma. Asubuhi hii tulikuwa tunamjadili mtaalamu wa miamba, aliyekaa mtaani kwetu wiki tatu na kuondoka jana. Amesema lile duara la vilima linalotuzunguka ni kovu. Eti kimondo kilianguka hapa kabla binadamu hajaumbwa, kikaipasua ardhi mpaka chini kabisa.

— Nani alikiona? aliuliza Nyundo.

— Hakuna. Amesoma kwenye mawe.

— Mawe nimelala nayo kuliko mke wangu. Hayajawahi kuniambia neno.

— Kimesubiri mamilioni ya miaka kijulikane, alisema Toroli. Mvumilivu hula mbivu.

Toroli methali huzitupa tu, ziangukie zinapoangukia. Akaendelea kwamba kimondo chenyewe bado kiko chini, kizima, dhahabu tupu, ndiyo maana mtaalamu ameondoka na masanduku kumi na moja. Nyundo akasema dhahabu wapi, kile ni kipande cha mwezi, huoni ulivyojaa mashimo? Basi miaka yote hii tumekuwa tukiuza mwezi kwa ndoo. Toroli hakukubali kushindwa. Akadai nyumba zetu zinapata nyufa kwa sababu kokoto zilizomo zinataka kurudi kwao mbinguni. Fundi hana kosa, simenti haina kosa. Tukacheka, hata muuza kahawa akacheka.

— Lakini ushahidi wake ni nini hasa? niliuliza.

Nyundo aliacha kucheka. Yeye ndiye aliyekuwa akimbebea mtaalamu nyundo na sururu.

— Fagio, alisema.

Kila aliyefanya kazi humu machimboni analijua fagio. Ni jiwe lililopasuka kwa michirizi inayoanzia ncha moja na kutawanyika. Wazee wa kazi walitufundisha, nasi tukawafundisha wengine: ukiona fagio, baruti imezidi. Sasa Nyundo akatusimulia walivyokwenda nyuma ya kilima, mahali ambapo haijawahi kuingia baruti wala sururu. Walichimba udongo mpaka kiunoni, wakafika kwenye mwamba. Mwamba mzima ulikuwa fagio. Mtaalamu akamwambia michirizi ile ni alama ya kimondo, na kwamba chembe za jiwe lile, ukizitazama kwa darubini, zimepondwa kwa nguvu ambayo hakuna baruti ya kuifikia.

Hapo sote tulimkumbuka Utambi.

Utambi alikuwa mlipuaji wetu. Miaka tisa iliyopita ukuta wa mwamba ulimwangukia yeye na vijana wawili, wakafa wote. Bosi alituita ofisini, akaweka jiwe mezani. Lilikuwa fagio. Tukatia sahihi sote watatu kwamba marehemu alizidisha baruti, akajiua na kuua wenzake. Maelezo niliyaandika mimi, kwa mwandiko mzuri. Watoto wake wamekua wakiitwa watoto wa muuaji.

— Yaliyopita si ndwele, alisema Toroli.

— Kwako wewe si ndwele, nilimjibu. Hujazika mume.

Alitaka kunirudishia, akamwona mjane wa Utambi anavuka barabara. Huyu shemeji ni mshonaji, na kwa miaka tisa amepita upande wa pili bila kutugeuzia shingo. Nilikuwa nimesahau kwamba mtaalamu alipanga chumba kwake.

— Shemeji, karibu ukae, nilisema.

— Nimesimama.

Hakupandisha sauti. Alisema mgeni wake amemweleza yote, na kesho anakwenda ofisi ya kazi kuomba jina la mumewe lisafishwe. Nyundo akaanza kusema sisi tulifundishwa hivyo, hatukuwa na nia mbaya. Shemeji alimwacha amalize.

— Sikuja kugombana, shemeji zangu. Nina swali moja, najua na kule nitaulizwa. Lile jiwe la mezani liliokotwa wapi?

Nyundo akamtazama Toroli. Toroli akanitazama mimi.

— Niliandika kwamba limetoka kwenye ukuta ulioanguka, nilisema.

— Hayo nimeyasoma. Nauliza liliokotwa wapi, na nani aliliokota.

Nilijaribu kukumbuka. Nikamkumbuka bosi, meza, kalamu yangu, na jiwe ambalo tulilikuta pale tulipoingia. Alama ya udongo, mtu aliyelibeba, sikukumbuka chochote, kwa sababu sikuuliza. Nyundo aliinamisha kichwa. Toroli alianza methali, akaiacha njiani.

Shemeji alisimama pale pale, mikono kaifunga kifuani. Alikuwa anataka jibu kweli, siyo kutuaibisha, na hilo ndilo lililotuumiza. Tulimwita mumewe muuaji miaka tisa kwa jiwe ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyejua limetoka wapi.

— Basi kesho mtakuja kuwaambia hivyo hivyo, alisema. Kwamba hamjui.