Mwalimu Wilondja na Mikutano ya Bukavu

Bapasta, bamama na bababa, mulioacha mashamba na nyavu kuja kutufuta machozi, familia inawasomea maisha ya Mwalimu Bonaventure Wilondja.

Alizaliwa Kilembwe tarehe 14 Machi 1958, akasoma shule ya msingi huko huko, akapata diploma ya ualimu Fizi mwaka 1979, akafundisha Kazimia, akafunga ndoa na mama Godelieve tarehe 6 Agosti 1983, wakajaliwa Clarisse na Wilfried. Mwaka 1998 vita ilimnyang'anya mama yake, mdogo wake Roger na majirani wengi wa Kilembwe siku moja, naye hakuwazika, maana alikuwa Kazimia akisahihisha mitihani.

Tangu 2007 aliitwa kwenye mikutano ya amani ya Fizi, na jamani, mikutano hiyo ya Fizi haikufanyika Fizi hata mara moja, ilikuwa Bukavu tu, kwa sababu Bukavu kuna hoteli, umeme na ndege karibu, na hoteli zenyewe zilijengwa kwa sababu mikutano inakwenda kule, basi mkutano unaita hoteli, hoteli inaita mkutano, sisi tunabaki kusikia kwa redio. Kule mwalimu alikataza watu kuweka begi kwenye kiti kitupu kando yake, akisema kiti kile kiko na mwenyewe, wakubwa wakacheka, yeye hakucheka.

Mwaka 2015 alijenga ukumbi hapa Baraka, ndani ya Fizi yetu, akaandika barua baada ya barua akiomba mkutano mmoja tu uje, watu wa Kilembwe waseme wenyewe, na kila Jumatatu alipanga viti arobaini, akiulizwa anajibu, "Banakuya." Tulidhani anasema wageni wa Bukavu wanakuja, mpaka mama Godelieve alipomkuta mchana kweupe akiwakaribisha marehemu wake kwa majina kwenye viti vitupu, mama yake kwanza, kisha Roger, na mama Godelieve aliogopa, hata sisi tuliogopa, tusiseme uongo mbele ya jeneza.

Presha ilimwangusha tarehe 2 Oktoba 2024, akafariki tarehe 17, hospitalini hapa Baraka, mkono wake ukiwa mkononi mwa Clarisse.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliochimba kaburi, walimu wenzake wa Kazimia, na pia waandaaji wa mikutano, ambao jana walituma ujumbe kwamba watafanya kikao cha kumheshimu marehemu, mwezi ujao, Bukavu, na familia imetengewa nafasi mbili. Mama Godelieve amejibu kwamba hatakwenda.

Mwalimu, mama yako na Roger hawakuja, basi umewafuata wewe. Pumzika kwao.