Kocha Alipoingia Bungeni

Ijumaa alasiri, mabosi wakiwa wamelala, madereva wa Kikenya hukutana kwenye benchi nje ya duka la Myemeni mmoja huko Al-Baghdadiyah, Jeddah, kunywa kahawa na kubishana. Ijumaa hiyo Elly, wanayemwita Golkipa kwa kuwa aliwahi kudakia timu ya chuo, hakuigusa kahawa yake. Alikuwa akirudia video moja kwenye simu. Solomon, kocha wake wa zamani, sasa mbunge wao, alikuwa amesimama bungeni akizungumzia akina dada wanaoteswa Saudia.

"Shida ni nidhamu," mheshimiwa alisema. "Wasichana wetu wajifunze kuvumilia."

— Nilipigia mama simu nikamwambia ampe kura, Elly alisema. Mimi mwenyewe. Nikamwambia huyu ni mtu.

— Amelishwa na maajenti wanaoleta wasichana huku, alisema Mike, ambaye kijiweni ni Wakili. Hiyo iko wazi.

— Alishwe na nani? Ephraim, yaani Mzee wa Data, alidakia. Ajenti ni yeye. Ofisi iko kwa jina la bibi yake.

— Basi hata ndege ni yake, Wakili alisema. Ukija, anakula. Ukirudishwa maiti kwa sanduku, anakula.

— Nyinyi hamkumjua, Elly alisema. Nilipovunjika mguu alinibeba mgongoni hadi hospitali, akakaa nami mpaka mama akafika. Mchezaji akianguka, anasimamisha mazoezi. Angekuwa mjinga tangu zamani, nisingeumia hivi.

— Alikuwa anatafuta kura tangu hiyo siku, Mzee wa Data alisema. Pengine hata huo mguu alipanga uvunjike.

— Wacha upuzi, Ephraim, Elly alisema.

Msichana mmoja alikuwa amesimama kando ya mlango wa duka, abaya imekunjamana, mguu mmoja hauna kiatu.

— Samahani, ndugu zangu. Nimesikia Kiswahili. Naitwa Rael. Nimetoroka leo. Madam amenimwagia maji ya moto, na ikama yangu, kibali cha kukaa, iko kwa kafili, bosi aliyenileta.

Akavuta mkono wa abaya, wakaona. Kwenye simu mheshimiwa alikuwa bado anaongea. Rael alisikiliza kidogo.

— Huyo ni nani?

— Mbunge, Wakili alijibu.

— Wa kwetu?

— Wa kwetu.

Rael akashusha mkono wa abaya polepole.

— Sawa. Na mimi leo nalala wapi?

Elly alizima simu. Chumba chake kilikuwa ndani ya geti la bosi, na vya wenzake vilevile, pasipoweza kuingizwa msichana aliyetoroka.  Elly akasogea kwenye benchi, msichana akakaa.