Zawadi za Fundi Makochi

Kwenye kona ile, ukutani mwa duka la vifaa vya ujenzi, pana benchi refu lenye mto wa ngozi bandia nyekundu, ulioshonwa kwa uzi mara mbili na kupigiliwa misumari ya vichwa vya shaba. Mtaa mzima hauna benchi jingine lenye mto. Kila alasiri hukaa hapo watu walewale. Wa kwanza ni muuza mitumba aitwaye Wakili, ambaye maishani mwake aliingia mahakamani mara moja tu, tena kwa kesi ya jogoo, akashindwa. Wa pili ni fundi redio, aitwaye Antena kwa kuwa hakuna habari inayompita. Wa tatu ni dereva mstaafu wa malori, mzee waliyembandika jina la Breki kwa sababu hamalizi sentensi bila kusimama njiani. Wa nne ndiye aliyeushona mto. Wenzake humwita Bubu, na wamekosea, kwani bubu ni asiyesema, na yeye ni kiziwi mwenye maneno mengi mikononi. Hapa ataitwa Fundi Makochi, jina lililoandikwa juu ya mlango wa karakana yake, ng'ambo ya barabara.

Alasiri hiyo Fundi hakuja peke yake. Alikuja na binti yake, mshonaji wa sare za shule aliyeolewa mtaa wa mbali. Fundi akaketi mahali pake pa siku zote. Binti akabaki wima mbele ya benchi, bila kutoa shikamoo hata moja.

— Siku hizi shikamoo zimepanda bei? aliuliza Breki.

— Shikamooni, alisema binti, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango. Nina ombi moja tu. Msimpe baba sigara tena.

Muuza kahawa, ambaye pembeni ya birika lake huweka kopo la sigara za kuuza mojamoja, aliinama ghafla akaanza kupuliza mkaa uliokuwa unawaka vizuri.

Binti aliwaeleza kwa ufupi, maana alijua akirefusha atalia, na hakutaka kulia mbele yao. Walikuwa wametoka zahanati. Daktari alikuwa amekasirika. Mzee huyu ni mkaidi, alisema. Ameoneshwa tangazo la ukutani, sigara iliyokatwa kwa mstari mwekundu, ameitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, kisha mlinzi amemkuta nje ya geti anavuta. Binti alipomuuliza baba yake kwa mikono, Fundi alishangaa kulaumiwa. Alama ile aliijua. Ipo hata kituo cha mafuta. Maana yake ni usivutie hapa, naye hakuvutia hapo. Alivuka geti, tena akasimama upande ambao upepo haungerudisha moshi kwa wagonjwa. Kifua chake alidhani kinabanwa na vumbi la sponji na harufu ya gundi, na kwa sababu hiyo alikuwa akitoka karakana kila mara kwenda kuyapumzisha mapafu. Aliyapumzisha kwa sigara.

— Mapafu yamechakaa, binti alimalizia. Akiacha leo, yaliyobaki yatamfaa. Asipoacha, daktari anasema mwakani atavuta pumzi ya mtungi wa oksijeni.

Wakili alikohoa kidogo, kama kawaida yake kesi inapomfikia.

— Binti, tusihukumu kabla ya ushahidi. Ugonjwa huanzia sikioni. Mtu anasikia kwamba sigara inaua, anaingiwa na hofu, hofu inashuka kifuani, kifua kinabana. Baba yako hakuwa amesikia kitu. Alikuwa salama mpaka mlipokwenda kwa huyo daktari.

— Usilolijua ni kama usiku wa giza, Breki alimsaidia. Akasimama njiani, akaendelea: Na usiku wa giza ndio watu wanalala.

Antena alisema wote wawili hawajui sayansi. Mwili una matundu, na moshi ulioingilia mdomoni lazima utafute pa kutokea. Kwa watu wenye kusikia hutokea masikioni kidogo kidogo, ndiyo maana masikio ya wavutaji huwa na joto. Yeye mwenyewe aliwahi kuyashika. Ya Bubu yamezibwa. Moshi umekwama. Kwa hiyo kosa si la sigara, ni la masikio, na dawa ni kuzibuliwa.

— Atapona kifua na atasikia, kwa gharama moja, alisema muuza kahawa.

Benchi zima likacheka. Fundi aliona meno ya wenzake, naye akacheka pamoja nao, kama alivyozoea. Binti alimtazama baba yake akicheka.

Fundi akageuza viganja juu na kuinua nyusi. Wanasema nini?

Tangu utotoni binti alikuwa ameona watu wakilijibu swali hilo kwa kupunga mkono: baadaye. Msibani, baadaye. Kwenye kikao cha mtaa, baadaye. Baba yake alikuwa na ghala zima la baadaye, na hakuna hata moja iliyowahi kufika. Siku hiyo binti hakupunga mkono. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, uso kwa uso na baba yake, akaanza kumpa maneno yao moja baada ya jingine.

Wakili aliitazama mikono ile ikienda.

— Unamwambia nini?

— Mnayoyasema.

— Yote?

— Nimefika kwenye masikio yenye joto.

Fundi hakuwa anacheka tena. Antena akaanza kukagua kikombe chake kana kwamba kina nyaya.

— Huo ulikuwa mzaha wa watu wa nyumba moja, alisema Wakili. Mzaha hautafsiriwi. Na wewe usije hapa kutufanya wabaya. Sisi na baba yako ni ndugu. Tulianza kuongea naye lugha yake kabla wewe hujaota meno. Tazama.

Akainua vidole viwili, akavigusisha midomoni. Mkono wa Fundi ukaondoka wenyewe kwenda mfuko wa shati, na ulikuwa umekwisha kufika kwenye pakiti binti alipoushika.

— Neno hilo nimeliona, alisema. Jingine?

Walitazamana. Antena alijua kuonesha bao la mpira. Breki alijua kuagiza kahawa.

— Na hatari? Hatari mnamwambiaje?

Breki alifungua mdomo, akasimama njiani, na safari hii hakuendelea.

Antena ndiye aliyekasirika kwanza. Alisema wanaonewa, hakuna aliyemficha mtu siri. Redio imesema miaka na miaka.

— Achia mbali redio. Gari la afya lilikuja hapa hapa, spika mbili juu, likatangaza asubuhi mpaka jua linazama. Sigara hivi, tumbaku vile, mapafu hivi. Mtaa huu, nani hakusikia?

Swali lilizunguka benchi likamrudia, naye akalitambua lilipofika. Binti alimfasiria baba yake hata hilo. Ndiyo, gari lile Fundi alilikumbuka. Alikuwa ameweka kiganja ubavuni mwa gari, akahisi ngoma zinapiga ndani ya bati, akafurahi, akawapigia makofi.

— Sikio la kufa halisikii dawa, alisema Wakili, polepole, kama anayefunga faili.

Binti aliinuka kutoka kwenye ndoo.

— Baba mdogo, baba yangu ana macho mawili mazima. Mbali na mimi leo, nani amewahi kuyatia dawa?

Breki alichukia ugomvi. Miaka yote ya barabarani hakuwahi kumpigia mtu honi kwa hasira, na sasa alinyoosha mkono mbele kama anayesimamisha magari ya pande zote mbili. Alimwomba binti aketi. Alisema mkono mtupu haulambwi, na wao hawakuwahi kumjia mwenzao mkono mtupu. Hapa hakubaguliwa hata siku moja.

— Mimi nilipoacha kuvuta, alisema. Akasimama, akakumbuka. Ilikuwa wiki ileile ya gari la afya. Maneno yale yaliniingia, sikulala. Na mfukoni nina pakiti, haijapungua hata sigara tatu. Mali haitupwi. Nikampa Bubu. Alifurahi mno.

— Hata mimi, Antena alidakia, akishukuru kwamba mazungumzo yamepata njia nzuri. Nilipousikia redioni mjadala wa saratani ya koo niliacha palepale. Sigara zote nilimpa yeye, pamoja na kiberiti changu cha gesi. Kile anacho mpaka leo. Muulize.

Wakili, muuza kahawa ndiye aliyemsemea. Wakili aliacha siku daktari alipomtisha kuhusu moyo, akaja na bunda zima hapa, akamwekea Bubu mapajani mbele ya watu.

Binti aliwatazama mmoja mmoja. Miaka yote alipopita kumwamkia baba yake alikuwa ameona moshi juu ya benchi hili, akadhani ni moshi wa wote. Sasa aliviangalia vidole vyao. Vilikuwa safi. Vya baba yake tu ndivyo vilivyokuwa na rangi ya chai.

Aligeuka akaketi tena mbele yake. Safari hii mikono ilikwenda taratibu, maana kila neno lilikuwa zito kuinua. Alimpa la Breki. Alimpa la Antena. Alimpa la Wakili. Kila mara alimwonesha mwenye neno, kisha sababu, kisha siku.

Fundi alilipokea kila moja bila kupepesa. Akatoa kiberiti cha gesi mfukoni, akakitazama kama mtu anayetazama kitu alichookota. Kisha akaugusa mto alioukalia, kichwa kimoja cha shaba baada ya kingine. Aliushona mwaka ule ule wa pakiti ya Breki. Hakuna aliyemwagiza. Alikuwa amepewa vitu na watu waliomkumbuka, na mtu aliyekumbukwa hujibu.

Akasimama. Akagusa paji la uso wake, akawanyooshea kidole, Wakili, Antena, Breki, na muuza kahawa nyuma ya birika, kisha akaurusha mkono nyuma ya bega, mbali, mbali zaidi, akauacha hapo ukingoja.

— Anauliza, alisema binti, na sauti yake ilikuwa kavu kabisa. Mlijua tangu lini?

Pikipiki ilipita. Vumbi lake likashuka kwenye vikombe na hakuna aliyekifunika chake. Wakili, ambaye hakuwahi kukosa hoja hata dhidi ya jogoo, alitazama viatu vyake. Muuza kahawa aliliinamisha birika juu ya kikombe cha Breki. Likatoa tone moja, halafu unga mweusi.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Sheria ya benchi ile ni moja: kahawa ikiisha, kesi imeahirishwa. Wote watatu walishukuru kimoyomoyo. Breki akashika fimbo, Antena akapangusa suruali, Wakili akatafuta kofia yake.

— Kaeni, alisema binti. Hakupaza sauti. Kahawa imekwisha, yeye hajajibiwa.

Wakakaa. Mto ukatoa pumzi ndefu chini yao. Fundi alirudia swali lake, taratibu, akianza na Wakili, na mara hii hakuna aliyehitaji kufasiriwa.