Pumba Nilizowamwagia Kuku

Shikamooni mama zangu. Na ninyi wa rika langu, za tangu asubuhi? Mama mwenyekiti wa kikundi chetu hiki cha akina mama aliponiambia kwamba leo ni zamu yangu kusimama, nilimwomba anisogeze mbele kidogo nijiandae. Akasema, "Uliomba hivyo hivyo mara ile." Basi nimesimama. Maneno haya nimeyafanyia mazoezi mbele ya kuku wangu, na mkinisikiliza mtajua kwa nini kuku walikuwa na haki ya kuyasikia kwanza. Sauti yangu ikitetemeka mniache tu. Si kilio, ni woga, na uchovu ambao bado haujanitoka wote.

Mama yangu alifariki kabla sijaweza kuinua mchi. Nililelewa na baba na kaka zangu, watu wa mto, ambao wakishatia chumvi kwenye samaki wamemaliza kupika. Kwa hiyo nilipoolewa nikaletwa hapa Ifakara nilikuja na hofu moja, kwamba watasema huyu hakuwa na mtu wa kumfunza. Ninyi mnajua tunavyompima bibi arusi bondeni kwetu. Hatumtazami uso. Anapewa mpunga, kinu na mchi, halafu wakwe wanakaa kibarazani wakijifanya wanaongea mambo yao. Mchele ukitoka na chuya, au ukibaki na wekundu wake, siku hiyo hawasemi kitu. Watasema kisimani.

Mimi niliutwanga ule mchele mpaka ukawa kama sufi. Nilitwanga nikapepeta, nikaurudisha kinuni, nikapepeta tena. Mama mkwe akauchota kiganjani, akautazama, akasema, "Mchele huu hata Padre angekula bila kuuchambua." Ndugu zangu, nawaambia, sifa ile ilinifunga kamba. Tangu siku hiyo sikuthubutu kuweka mchele mwingine mbele ya watu.

Vitumbua nilijifunza mwenyewe. Nilikuwa nakwenda kivukoni, kwa mama mmoja aliyewapikia wasafiri waliokuwa wakingoja kuvuka mto kwenda upande wa Mahenge. Nanunua kimoja, nakimega polepole kuliko mtu mwenye jino bovu, ili nipate sababu ya kusimama karibu na chungu chake. Nyumbani niliharibu vingi. Vilivyopasuka nilivila mwenyewe nyuma ya nyumba ili mama mkwe asivione. Mwishowe vikanyooka, vikawa vyeupe na vya mviringo, na watoto wa majirani wakajua njia ya kuja kwangu.

Lakini sikilizeni nilivyokuwa navipika. Unga ulitoka kwenye mchele ule wa sufi. Sukari ilikuwa ile nyeupe ya dukani, na tui nililichuja kwa kitambaa. Chochote chenye rangi niliona ni uchafu. Ndizi mbivu sikuzitia kwa sababu zinatia unga weusi. Asali niliiogopa kwa sababu hiyo hiyo. Na zile pumba laini, zinazotoka mpunga ukitwangwa mara ya pili, zenye harufu kama ya karanga, nilizifagia nikawamwagia kuku. Kuku wangu walinona mpaka watu wakaniuliza nawapa nini.

Mwanangu wa kwanza, nilipomwachisha ziwa, nilimlea kwa hivyo vitumbua na uji mweupe wenye sukari. Baba yake alikuwa amekwenda kufanya kazi kwenye mkonge. Mtoto alipenda vitu vitamu, nami nilijivuna. Nilisema moyoni, mtoto wangu anakula kama mtoto wa bwana mkubwa.

Kisha mvua zikaja, mto ukapanda, samaki wakawa adimu, na jikoni pakabaki mchele. Mtoto akaanza kupenda kukaa. Wenzake wakikimbia, yeye anawatazama. Uso ukajaa, watu wakasema amenenepa, na mimi nikaamini kwa kuwa nilitaka kuamini. Halafu miguu nayo ikajaa. Nywele zikawa nyepesi na nyekundu kama ndevu za mahindi.

Nilimbeba mpaka zahanati ya misheni. Sista aliyekuwa pale akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, akaondoa kidole, na shimo likabaki pale pale. Mimi nililitazama lile shimo, sikusikia vizuri aliyoyasema mwanzoni. Akaniuliza anakula nini. Nikamwambia, tena kwa fahari kidogo, Mungu anisamehe. Akasema, "Mama, mtoto huyu anakula sana na ana njaa. Mpe karanga, maharage, mayai, samaki, maziwa ukipata. Usipofanya hivyo atakufa." Alisema polepole, kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno, nami nikakielewa chote.

Nikarudi nyumbani nikafanya kama alivyosema. Nilidhani sasa limebaki jambo la kupika tu, na kupika nilikuwa najua. Lakini mtoto akafunga mdomo. Uji wa karanga akautema. Yai akalitema. Maharage niliyaponda, nikayachuja mpaka yakawa laini kama maziwa ya mgando, akayaacha yatiririke kidevuni. Nilimbana pua, mama zangu. Naona wengine mnainamisha vichwa, basi mnajua. Kila nilipoweza nilimbeba tena kwenye tope mpaka zahanati. Sista akimnywesha maziwa kwa kijiko anapokea kidogo, tukifika nyumbani anafunga.

Kuna uchovu wa jembe, huo unalala nao na asubuhi umepungua. Na kuna uchovu wa kijiko, wa kukaa umekishika mbele ya mdomo uliofungwa tangu asubuhi hadi jua linapowaka, uji unapoa, unaupasha, unapoa tena. Huo hauishi kwa kulala. Nilifika mahali nikawa namwangalia mtoto kama naangalia kazi iliyonishinda.

Na kilichonitisha kuliko yote ni kwamba alikuwa ameacha kulia. Ukimchukua kimya, ukimweka kimya.

Asubuhi moja jua lilitoka, nikamtandikia mkeka uani, nikatwanga mchele kama kawaida yangu. Nikamaliza, nikawamwagia kuku pumba, nikaingia ndani kutazama sufuria. Jirani yangu mmoja akaja kuomba moto. Yumo humu ndani leo, simtaji, mwenyewe anajijua. Nikamsikia huko nje anacheka.

"Mwenzangu, hebu toka. Kuku wako leo wana mgeni mezani."

Nikatoka. Mtoto alikuwa amejiburuta kutoka mkekani mpaka katikati ya kuku. Kiganja kimejaa pumba, uso wote pumba hadi kope, analamba. Niwaambie ukweli: niliona aibu kabla sijamwona mtoto. Mtoto wa mpika vitumbua anagombea chakula na kuku, na jirani anaona. Nikamshika mkono, nikaukung'uta, nikamfuta mdomo kwa pindo la kanga.

Akalia. Alilia kwa sauti, akinyoosha mkono kule chini kwenye pumba. Mama mkwe akatoka ndani na ungo wake.

"Nani analia?"

"Ni mtoto, mama. Alikuwa anakula pumba, lakini nimemfuta."

"Huyu? Ndiye anayelia?"

Ndipo na mimi nikasikia. Mtoto aliyekuwa hana nguvu ya kulia alikuwa analilia chakula.

"Mrudishie," mama mkwe akasema.

"Mama, ni chakula cha kuku."

"Mrudishie, wewe. Kuku wanazila kila siku, umewahi kuwaona wamevimba miguu?"

Jirani yangu alikuwa ameacha kucheka. Aliinama, akawafukuza kuku kwa kanga yake, akachota pumba safi zilizobaki kwenye ungo wangu, akampa mtoto kiganjani. Mtoto akalamba kiganja cha jirani, mimi nimesimama nimeshika pindo la kanga yangu kama mgeni.

Mama mkwe akakaa juu ya kinu kilicholazwa. "Mumeo alikula hizo hizo," akasema, "mwaka mto ulipotuchukulia mpunga shambani. Tulizikaanga, tukazichanganya na ndizi mbivu."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nikuambie wewe? Wewe unayefuta vumbi jani la mgomba? Tena mimi mwenyewe ndiye niliyekusifia mchele. Kila nikikuona unazimwaga nilitaka kusema, nikaona nitakuwa kama mkwe anayetafuta kosa."

"Mimi nilidhani anaringa," jirani akasema. "Samahani, mwenzangu, nilidhani hivyo."

Basi hivyo ndivyo tulivyoishi uani pamoja, kila mmoja anamwogopa mwenzake, na katikati yetu mtoto anakwisha.

Siku hiyo hiyo nikapika. Na bado mimi ni mimi: nilizichekecha pumba mara nyingi mno, kwa kuogopa makapi yatamkwaruza koo, mpaka likabaki vumbi lisilo na ladha. Mtoto akalitema. Mama mkwe akachungulia chunguni. "Umezitwanga tena ziwe nyeupe?" Ikabidi nicheke, ingawa nilikuwa karibu kulia.

Mara ya pili nilichekecha mara moja tu, makapi yakatoka, rangi ikabaki. Nikazikaanga kwenye chungu kikavu mpaka zikanukia. Nikatwanga karanga pamoja na ngozi zake, nikaponda ndizi mbivu zile zenye madoa meusi, nikatia ute wa yai na asali kidogo. Nikafunga kwenye jani la mgomba, nikaweka juu ya vijiti ndani ya chungu chenye maji kidogo, mchanganyiko ukaiva kwa mvuke. Nilipofungua nilikuta kitu cha rangi ya udongo wa ukingo wa mto. Kimebonyea upande. Ningekuwa na mahali pa kukificha ningekificha. Mtoto akakishika kwa mikono miwili, akala nusu, akalala nacho mkononi. Alipoamka akamalizia.

Mama zangu, sitaki mtoke hapa mkisema pumba ni dawa. Sista amenikataza kusema hivyo, na nimemwahidi. Pumba zilimfungua mdomo. Baada ya hapo yai likapita, kwanza ndani ya kitafunwa kile, halafu lenyewe. Maharage yakapita. Na maji yalipopungua na samaki wakarudi, samaki naye akapita. Tuliendelea kwenda zahanati. Kuna siku alirudi nyuma, nikaanza upya na kijiko. Miguu ilinywea polepole sana, na ilipokwisha kunywea ndipo niliona jinsi alivyokuwa mwembamba. Sasa anakimbia. Hashindi wenzake, lakini anakimbia, na akianguka analia, na mimi nikimsikia analia nakaa kidogo kabla ya kwenda, nisikilize.

Namshukuru Mungu. Namshukuru sista, ambaye hakunigombeza hata siku moja, ingawa nilistahili. Namshukuru mama mkwe wangu, aliyeketi pale nyuma akijifanya hanisikii. Na jirani yangu uliyekuja kuomba moto: moto ule hukuuchukua, ulisahau. Bado unanidai.

Mimi ni mdogo wenu, sina somo kubwa. Nawaomba tu pumba laini msizitupe. Zitumieni siku ile ile, zikilala zinakuwa chungu. Karanga ziacheni na ngozi. Na ninyi wakwe, bibi arusi akitwanga mchele wenye wekundu kidogo, msifuni, tena kwa sauti, hata kisimani. Na wewe bibi arusi mwenzangu unayeogopa, muulize mama mkwe wako alimlea mumeo kwa kitu gani. Pengine anasubiri kuulizwa.

Kwenye kapu pale mlangoni nimewaletea vitafunwa hivyo, vimefungwa kwa majani. Nimevipika jana jioni na asubuhi hii nimevifungua vyote kuvikagua, ndiyo sababu nilichelewa. Kimoja kimepasuka katikati. Nilikitoa, nikakirudisha, nikakitoa tena. Mwanangu alikuwa ananitazama. Nimekiacha humo humo kapuni. Atakayekipata naomba akile tu, asinionyeshe.

Sasa naomba nikae, nimechoka.