Kijiwe Chamchagulia Rangi Skrini

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililofungwa waya mguu mmoja, limeegemezwa kwenye ukuta mweupe, likitazamana na mlango wa chumba anachofanyia kazi Rangi. Rangi huchora kwa kompyuta: kadi za harusi, mabango ya maduka, nembo za vikundi vya akina mama. Kutwa yuko mbele ya skrini, na siku hizi macho yanamwasha na kumtoka machozi mchana kweupe. Juzi alimpelekea bibi harusi kadi za kahawia, akaapa ni zambarau. Sasa ameamua kununua skrini nyingine. Wahenga walikataza kumwaga mtama penye kuku wengi. Rangi akatoka nje na kikombe chake, akaumwaga.

– Zipo mbili. Moja inametameta, rangi zake unatamani kuzilamba. Nyingine imepooza kidogo, ila haimeti, na muuzaji anasema mwanga wake hautetemi. Jioni anataka jibu. Jamani, nisaidieni. Macho yakinifia, mimi sina kazi nyingine ninayoijua.

Spana, fundi baiskeli asiyewahi kumiliki kompyuta, ndiye aliyewahi kujibu.

– Achana na zote mbili. Tafuta kubwa. Mkubwa jalala.

– Jalala linaingiaje hapo?

– Linabeba kila kitu! Unaitundika kule ndani, wewe unakaa huku na sisi. Mwanga mpaka ufike hapa umeshachoka.

Wakili akatikisa kichwa. Hajasoma sheria hata ukurasa. Jina alilipata kwa kuwa shahidi mara moja kwenye kesi ya uzio.

– Tatizo si ukubwa, tatizo ni ule mwanga wa bluu. Unaingia jichoni, unakunywa machozi yote, jicho linabaki kavu.

– Mbona mimi yananitoka?

– Hayo ndiyo yanakimbia!

Mama Birika, muuza kahawa, alicheka mpaka kahawa ikafurika kikombe cha watu.

– Halafu jiulize, – Wakili akaendelea, moto umemkolea – macho tumepewa mawili ya nini? Asubuhi fanyia kazi la kulia, mchana la kushoto. Walinzi wote wana zamu. Haba na haba hujaza kibaba.

– Zamu ya nini! – Spana akadakia. – Vaa miwani ya kuchomelea. Wachomeleaji wanatazama moto maisha yao yote. Mwenye macho haambiwi tazama.

– Na ile miwani atatazama nini? – akauliza Wakili. – Hata mlango hauoni.

– Ndiyo maana haambiwi!

Rangi alicheka huku akijifuta machozi, asijue yapi ya kicheko na yapi ya ugonjwa. Aliwapenda watu hawa. Utamkasirikiaje mtu anayegombania macho yako kana kwamba ni mali ya ukoo?

Ndipo akatokea dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, mkononi ana kichupa cha dawa ya matone. Hakuwahi kufika hapo tangu Rangi apange chumba.

– Hamjambo hapa? Wewe, hebu nikuone hayo macho.

Akamfunua kope, akaguna, akaingia ndani kuiona hiyo skrini inayomtesa mdogo wake. Alikaa kwenye kiti cha Rangi. Mara wakamwona anajikinga uso kwa kiganja.

– Hivi, mdogo wangu, kwa nini meza umeielekeza mlangoni? Jua lote la ule ukuta linanijia usoni. Si ungegeukia ndani?

Wakili akakohoa. Spana akachungulia kikombe kitupu. Mama Birika akashika kufuta birika safi.

– Nimeuliza vibaya?

– Hapana, Dada – akasema Rangi.

Alipohamia, meza ilikuwa imetazama ukuta wa ndani. Spana na Wakili ndio walioigeuza kwa mikono yao, wakimwonea huruma shingo yake, maana kila kicheko kilipozuka benchini alikuwa akigeuka. Tangu siku hiyo hakupitwa na utani hata mmoja. Utamwambiaje dada yako kwamba unauza macho ili usiwape rafiki zako kisogo?

Spana aliinuka, akafuta grisi kwenye suruali, akaingia ndani. Wakili akamfuata. Wakaibeba meza, wakaitazamisha tena ukuta wa ndani.

Dada akampisha kiti, Rangi akakaa. Kwenye kioo cha skrini yake ya zamani, iliyozimwa, aliwaona wakirudi benchini, wadogo, wamekaa kama wafiwa. Ile skrini mpya inayometameta ingemwonyesha hivyo kila siku: benchi zima, pamoja na mng'ao wa mlango juu ya kila kadi. Moyo ulimuuma. Akachukua simu, akampigia muuzaji.

– Niwekee ile iliyopooza.

Nje kulikuwa kimya. Rangi akangoja, akachoka kungoja.

– Nyie! – akapaza sauti, uso kauelekeza ukutani. – Semeni! Yanayoniuma ni macho, si masikio!